Msaidizi wa Mganga: Habari za Miaka Mia ya Zahanati Zetu

Katika kitabu hiki cha yubile wengine wameandika habari za maaskofu na mapadre, na za makanisa yaliyojengwa kwa mawe, na za shule zilizoanzishwa chini ya miembe. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za mtu ambaye picha yake haikutundikwa ukutani, wala jina lake halikuchongwa katika jiwe lolote. Mtu huyo ni msaidizi wa mganga. Kila aliyekulia shamba amjua. Ndiye aliyetufunga vidonda tulipokuwa watoto, ndiye aliyetupa dawa chungu ya homa tukakunja uso, ndiye aliyebishiwa hodi usiku wa manane mama zetu waliposhikwa na utungu. Wazee wetu walimwita dresa. Waliofuata wakamwita mganga msaidizi, au bwana mganga wa zahanati. Siku hizi aitwa Tabibu. Majina yake yamebadilika mara nyingi kuliko kazi yake.

Hatuandiki habari hizi kwa kumsifu tu. Katika miaka hii mia msaidizi huyu ameokoa watu wengi, na pengine amekosa, na wagonjwa wameumia kwa makosa yake. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: ni wakati gani alifanya kazi njema, na ni wakati gani alishindwa, na kwa sababu gani? Jibu la swali hilo lahusu uhai wa watu, maana hata leo mgonjwa wa kijijini, kwa kawaida, huonana na yeye kabla ya kuonana na daktari.

I. ZAMANI ZA WAJERUMANI

Tangu mwanzo kazi ya uganga wa hospitali katika nchi hii haikuwezekana bila mikono ya wenyeji. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi sana pande za Ziwa Nyanza, ndilo Ziwa Victoria. Na katika miaka ya 1906 na 1907 mtaalamu Robert Koch alikaa katika visiwa vya Sese akiuchunguza. Hata Wajerumani walipofungua kambi za wagonjwa katika nchi ya Bukoba na kando ya Ziwa Tanganyika, waliwaajiri vijana wa huko huko wapite kwa majirani zao, wapapase shingo za watu, watafute tezi zilizovimba, kwa kuwa tezi zile zilikuwa dalili ya ugonjwa. Mganga alikaa kambini na hadubini yake. Lakini watu hawa ndio waliokwenda kuwatafuta wagonjwa, nao ndio walioijua lugha, na njia, na hofu za jamaa zao.

Kisha vita ya 1914 hadi 1918 ikaharibu mambo mengi. Wapagazi walikufa kwa maelfu, na vita ilipokwisha ikapita homa kubwa ya mafua. Waingereza walipoitwaa nchi, walikuta eneo kubwa kupita nchi yao mara kadhaa, nao waganga wao walikuwa wachache, na karibu wote walikaa mijini na katika boma za wilaya. Mtu wa shamba aliyeugua alikuwa na njia ya siku nyingi mbele yake kabla ya kumfikia mganga wa Serikali, na wengi hawakuianza safari hiyo, ama waliianza wasiimalize.

II. DRESA WA MWAKA 1926

Mkuu wa idara ya uganga ya Tanganyika katika miaka ile alikuwa Dr. John Shircore. Aliona wazi kwamba, kama watu wakingoja mpaka madaktari watoshe, watakufa wakingoja. Basi katika mwaka 1926 ukaanza mpango wa madresa wa vijijini. Ni mwaka uo huo ilipoanzishwa Dayosisi ya Masasi, askofu wake wa kwanza akiwa William Vincent Lucas. Na ni katika siku zile Gavana Donald Cameron alipokuwa akiwapa machifu na mabaraza ya wenyeji madaraka na hazina zao. Mpango wa madresa ulifuata njia hiyo hiyo. Baraza la wenyeji lilimchagua kijana. Serikali ikamfundisha kwa muda wa miezi katika hospitali ya wilaya. Naye akarudi kwao, akapewa kibanda cha udongo na nyasi, na mshahara wake ukatoka katika hazina ya wenyeji.

Kazi yake ilikuwa kuosha vidonda na kuvifunga, kutoa dawa ya homa, na dawa ya kuendesha, na dawa za minyoo, na kuwapeleka hospitali wale waliomshinda. Tusiidharau kazi ya vidonda. Siku zile donda ndugu lilikuwa balaa kubwa; lilikula nyama mpaka likafika mfupani, na mkulima mwenye donda mguuni hakuweza kulima, wala watoto wake hawakushiba. Dresa mwenye maji safi na kitambaa safi, na subira ya kumfunga mtu yule yule kila siku kwa majuma mengi, alirudisha jembe mkononi mwa mwenyewe.

Tena ulikuwako ugonjwa wa buba, ambao uliwapata watoto zaidi, ukaharibu ngozi yao na mifupa yao. Kabla ya penisilini, waganga waliutibu kwa sindano za bismuti na za dawa zenye aseniki, na vidonda vilikauka upesi mno hata watu wakastaajabu. Habari ikaenea, watu wakaja kwa makundi. Imani ya sindano tuliyo nayo hata leo, mgonjwa akinung'unika asipochomwa, mizizi yake moja iko katika siku zile za buba. Na waliokuja kwa ajili ya sindano ndio waliojifunza njia ya zahanati, wakaja tena kwa magonjwa mengine.

III. LAWAMA

Lakini haukupita muda lawama zikaanza. Madaktari wengi waliokagua vibanda vile walisema kwamba dresa amefundishwa kidogo mno. Kwamba ajua kufunga kidonda lakini hajui kutambua ugonjwa. Kwamba chupa zake hazina alama, na sindano zake hazichemshwi vema. Wengine wakasema ni afadhali kuwa na zahanati chache zilizo njema kuliko nyingi zilizo mbovu.

Hatuwezi kusema maneno hayo yalikuwa ya uongo. Walakini natutazame vema. Mtu akishusha ndoo kisimani, na kamba ikakatika, haifai ailaumu ndoo kwa kuzama. Dresa alishushwa kisimani, na kamba yake ilikuwa nyembamba. Alifundishwa miezi tu. Kisha akakaa peke yake mwaka hata mwaka, na mganga wa wilaya, ambaye alikuwa na hospitali, na gereza, na askari, na barabara mbaya, alimfikia mara chache. Dawa ilipokwisha alingoja. Alipokosa hakuwapo wa kumrekebisha. Na alipopata jambo gumu hakuwapo wa kumwuliza. Mtu wa namna hiyo akikosa, kosa si lake peke yake.

Ushuhuda wa jambo hilo twauona mahali ambapo kamba ilikuwa nene. Katika hospitali za misioni, kijana hakufundishwa miezi michache akaachwa. Alianza kwa kufagia na kuchemsha vyombo, akaendelea kwa kufunga vidonda, akakaa wodini chini ya macho ya masista wauguzi, naye daktari alikuwa ng'ambo ya ua. Katika mwaka 1935 Dr. Leader Stirling, mpasuaji kutoka Uingereza, alifika katika Dayosisi ya Masasi, akafanya kazi Lulindi, mahali pa majengo ya udongo na nyasi. Habari zake alizieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1947. Kila mtu ajua kwamba mganga mmoja hawezi kupasua, na kumlaza mgonjwa usingizi, na kushika taa, na kuchemsha vyombo, vyote kwa wakati mmoja. Kazi ya upasuaji katika hospitali za shamba ilikuwa kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ya wenyeji waliofundishwa papo hapo. Neno la Kiswahili lasema kidole kimoja hakivunji chawa.

IV. NENO «MSAIDIZI»

Hapa hatuna budi kusimama kidogo katika jina lenyewe. Neno msaidizi ni neno jema. Hata Maandiko yalitumia kwa heshima. Lakini katika siku za ukoloni lilitumika pia kama dari ya kumzuia mtu asipande. Huko Makerere, katika Uganda, mafunzo ya uganga yalianza katika miaka ya 1920, na vijana wa Afrika Mashariki walisoma huko miaka mingi. Walipomaliza hawakuitwa madaktari kama Wazungu wenzao. Waliitwa wasaidizi wa Kiafrika wa idara ya uganga, wakalipwa kwa jina hilo, ijapokuwa kazi waliyoifanya wodini ilikuwa kazi ya daktari. Ilikuwa mpaka mwaka 1957 ndipo baraza la madaktari la Uingereza lilipoikubali elimu ya Makerere.

Basi neno moja lilikuwa na maana mbili. Kwa dresa lilikuwa na kweli: alikuwa msaidizi, na ilimpasa awe na mkubwa wa kumsaidia. Kwa msomi wa Makerere lilikuwa dhuluma. Makosa mengi ya baadaye yametoka katika kuchanganya mambo haya mawili. Wako wanaodhani kwamba kumwita mtu msaidizi ni kumdharau, kwa hiyo wakataka kulifuta jina. Na wako wanaodhani kwamba, kwa kuwa ni msaidizi, yatosha kumpa mafunzo ya msaidizi na mzigo wa daktari.

V. BAADA YA UHURU

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa wapatao 12 tu katika nchi nzima. Zahanati zilikuwa karibu 1,000, lakini vituo vya afya vilivyo kamili havikufika 30. Ni nani basi aliyekuwa akiwatibu watu? Walikuwa wasaidizi. Mwaka 1963 shule ya uganga ilifunguliwa Dar es Salaam. Na wakati uo huo yakaanza mafunzo ya namna mpya, ya kuwachukua waganga wasaidizi waliokwisha kufanya kazi miaka kadhaa na kuwafundisha zaidi, hata upasuaji na uzazi, wawe Madaktari Wasaidizi. Mwaka 1964 wataalamu walioongozwa na Profesa Richard Titmuss wa Uingereza walitoa taarifa juu ya huduma za afya za Tanganyika, wakashauri nguvu ielekezwe katika vituo vya afya vya shamba na kuzuia magonjwa, wala isimezwe yote na hospitali kubwa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na zaidi tangu mwaka 1972, Serikali iliifuata njia hiyo kwa bidii. Vijana waliomaliza shule ya msingi walifundishwa miaka mitatu wakawa waganga wasaidizi wa vijijini. Waliomaliza kidato cha nne walifundishwa miaka mitatu wakawa waganga wasaidizi wa vituo vya afya. Na wanawake wakafundishwa kazi ya afya ya mama na mtoto. Hospitali kadhaa za misioni zilikuwa na shule za kazi hiyo. Mwaka 1980 ulipofika, vituo vya afya vilizidi 200, na zahanati zilizidi 2,500.

Na ni nani aliyekuwa Waziri wa Afya tangu mwaka 1975 hata 1980? Alikuwa Dr. Stirling yule yule wa Lulindi, ambaye alikuwa amekwisha kuwa raia na mbunge. Mtu aliyepasua katika majengo ya nyasi, akitegemea vijana aliowafundisha mwenyewe, ndiye aliyeiangalia wizara katika miaka ambayo wasaidizi waliongezeka kuliko wakati wowote uliotangulia.

Ubora wa mpango huo haukuwa katika wingi peke yake. Ulikuwa na ngazi. Mganga msaidizi wa kijijini aliyefanya vema aliweza kusoma tena na kupanda. Na aliyepanda, akizidi kufanya vema, aliweza kuwa Daktari Msaidizi. Mtu aliyeanza na kufunga vidonda katika zahanati ya mbali aliweza, baada ya miaka mingi, kusimama katika chumba cha upasuaji cha wilaya. Hiyo nayo ni kamba: mtu ajuaye kwamba ataitwa tena kusoma, hataki kuyasahau aliyoyasoma kwanza.

VI. USHAHIDI WA CHUMBA CHA UPASUAJI

Kuna jambo moja linalopima kazi hii kuliko mengine yote. Mama ashikwapo na utungu, na mtoto asiweze kutoka, saa ni chache. Pasipo upasuaji, mama hufa, au mtoto, au wote wawili. Na akipona, pengine hubaki na fistula na aibu. Daktari aliye mbali maili mia hamsaidii. Je, Daktari Msaidizi aliye karibu aweza kupasua salama?

Swali hili limechunguzwa. Mwaka 2009 ulitolewa uchunguzi uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, wa upasuaji wa uzazi zaidi ya 1,000. Sehemu kubwa kabisa ya upasuaji huo ilifanywa na Madaktari Wasaidizi. Na walipolinganishwa na madaktari wenye shahada, haikuonekana tofauti kubwa katika hali za mama na watoto wao. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji, nchi iliyokuwa katika vita na upungufu mkubwa wa madaktari, mwaka 1984 walianza kuwafundisha wasaidizi wa upasuaji. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba baada ya miaka saba karibu tisa katika kila kumi wa wasaidizi wale walikuwa bado katika hospitali za wilaya. Lakini katika madaktari waliopelekwa huko hakubaki hata mmoja. Hatuandiki hayo kwa kuwalaumu madaktari. Twaandika kwa sababu mgonjwa huponywa na yule aliyepo.

Wala jambo hili si la nchi maskini tu. Mwaka 1965, katika chuo kikuu cha Duke huko Marekani, Dr. Eugene Stead alianza kuwafundisha wasaidizi wa madaktari kwa sababu madaktari hawakutosha. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wanne, waliowahi kuhudumia wagonjwa katika jeshi la majini. Leo wako maelfu kwa maelfu katika nchi ile. Wazo lililotekelezwa katika vibanda vya nyasi vya Tanganyika mwaka 1926 lilionekana la maana hata kwa matajiri, walipoingia katika haja ile ile.

VII. SIKU ZETU

Siku hizi mambo yamebadilika tena. Vyuo vikuu vimeongezeka, na kila mwaka watoka madaktari wengi, kwa shukrani zetu. Mganga msaidizi wa zamani ameitwa Tabibu, jina la heshima lililojulikana pwani tangu kale. Na mwaka 2017 mafunzo ya Madaktari Wasaidizi yalisimamishwa, kwa kuwa ilionekana daktari mwenye shahada ndiye atakayekishika kiti hicho.

Pengine itakuwa hivyo. Lakini ile ngazi imeondolewa kipandio chake cha kati, na yatupasa kuuliza kwa upole: Tabibu kijana, aliyepangwa katika kituo cha mbali, apande kwenda wapi? Na ile hospitali ya wilaya ambayo Daktari Msaidizi wake astaafu mwaka huu, je, daktari atakayekuja atakaa? Haya si maswali ya kugombana. Ni maswali ya mama aliye na utungu usiku.

Uingereza nako wanashindana juu ya jambo hili hili. Huko wasaidizi walikuwa wamepewa jina la washirika wa madaktari, na watu wengi wakalalamika kwamba mgonjwa hajui ni nani anayemtibu. Mwaka 2025 uchunguzi ulioongozwa na Profesa Gillian Leng ulishauri waitwe wasaidizi, na mipaka ya kazi yao iwe wazi. Nasi twaona kwamba swali la jina litaisha upesi, kama swali la kamba likijibiwa kwanza.

Kwa maana hivyo ndivyo tunavyosoma habari za miaka hii mia. Msaidizi alipofundishwa vema, na kutembelewa na mkubwa wake, na kupewa dawa, na kuonyeshwa njia ya kupanda, alifanya kazi iliyowashangaza hata waliomdharau. Alipoachwa peke yake alishindwa, na mgonjwa ndiye aliyelipa. Cheo chake kilikuwa kile kile katika hali zote mbili. Kamba ndiyo iliyotofautiana.

Basi ninyi mtakaokisoma kitabu hiki, na hasa ninyi mlio na mamlaka juu ya hospitali na zahanati, iwe za Serikali au za dayosisi, twawaomba jambo moja. Siku za yubile watu hupenda kuweka mawe ya msingi. Wekeni, ni vema. Lakini kabla ya jengo jipya, nendeni mkaitazame zahanati iliyo mbali kuliko zote. Mwulizeni Tabibu wa huko: ni lini ulipotembelewa mara ya mwisho? Ni nani umwulizaye usiku jambo likikushinda? Ni lini utakapokwenda kusoma tena? Akiwa na majibu, mshukuruni Mungu, mkamshukuru na yeye. Akikosa majibu, mmekwisha kuijua kazi yenu.

Chanda chema huvikwa pete, walisema wazee. Na pete inayomfaa mtu huyu ni kutoachwa peke yake.